Mrejesho: kihisi cha sukari cha mama

Wakuu, nimerudi. Niliuliza mwezi uliopita kwa nini kihisi cha sukari cha mama (kile kidude cha kubandika mkononi kinachopima sukari muda wote) kinabanduka kabla ya siku zake 14, tena usiku kinapiga kengele kwamba sukari imeshuka ilhali mwenyewe mzima.

Uliyesema anaulalia mkono wenye kihisi, umepatia! Usiku mmoja kilisoma 3.1 mmol/L, yaani sukari iko chini, tukatoboa kidole kupima, 6.4, iko sawa. Kumbe kikigandamizwa kinasoma chini. Amehamia ubavu wa pili, kengele kimya.

Kubanduka, nusu kwa nusu. Ameacha kupaka losheni hapo na tunabandika plasta juu yake. Cha kwanza kilimaliza siku zake. Cha pili, kwa jasho hili la Dar, kiliondoka na kanga siku ya 11. Vipimo vya kidole hatujavitupa. Asanteni sana.