Shule kumi bora irudi au isirudi? Mi nauliza kwanza ni watoto gani wanaoingia getini

Wadau habari zenu. Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka ubishi unarudi palepale, kwamba NECTA, yaani Baraza la Mitihani, walikosea kuacha kutangaza shule kumi bora. Waliacha Januari 2023, yalipotoka matokeo ya mtihani wa 2022, wakasema haina tija kushindanisha shule ambazo mazingira yake hayafanani. Wanaotaka orodha irudi wana hoja yao na ntaifikia, ila nianze kwa kusema naongea nikiwa wapi. Nafundisha hesabu shule ya kata, huku kusini kwenye korosho, mwaka wa tisa sasa.

Kauli inayoniuma kuliko zote ni ile ya "mbona Kibaha na Ilboru nazo za serikali na zinafaulu, nyie wa kata ni uzembe tu". Ndugu zangu, Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Kilakala, Tabora Boys, Msalato, hizo ni za vipaji maalumu. Mtoto akipiga sana darasa la saba, awe wa Nachingwea awe wa Ngara, anachukuliwa anapelekwa kule, analala bwenini, anakula hapohapo, anasoma usiku taa inawaka. Yaani maziwa yameshaenguliwa malai halafu mnakuja kuuliza mbona ya kwetu mepesi. Nawapongeza wanaofundisha kule kwa dhati kabisa, ila mtoto aliyeingia na A akatoka na divisheni wani mwalimu wake kamvusha hatua ngapi? Hilo swali sijawahi kuona mtu analiuliza.

Njoo sasa uone wanaobaki. Tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa yetu yamejaa, mkondo mmoja una watoto sabini na kitu, na silalamiki kwa hilo maana wengi wao zamani wangeishia darasa la saba wakashika jembe. Shida inaanza Januari wakiingia. Mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili, ghafla kila kitu Kiingereza, anapewa wiki chache za kozi ya kujiandaa basi. Nina mtoto nikimuuliza mzingo wa duara kwa Kiswahili ananijibu kabla sijamaliza swali, akikutana na swali hilohilo kwenye karatasi ya mtihani anaacha wazi. Sasa mwenzie aliyetoka ingilishi midiamu hayo maneno anayasikia tangu darasa la kwanza, wote wanafanya mtihani mmoja siku moja, na mwisho wa siku mnaambiwa huyu ana akili huyu hana.

Halafu kuna korosho. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, na Oktoba huku ndo kuokota kumekolea, mzazi hana hela ya kibarua, kibarua wake ni mwanae. Nimeshaenda mpaka mashambani kuwafuata watoto, baba ananipokea vizuri ananipa na kiti, ananiambia mwalimu nikikupa huyu leo hela ya sare ya mdogo wake natoa wapi, na kusema kweli sina jibu. Wa mbali wanapanga mageto karibu na shule, mtoto wa miaka 15 anajipikia mwenyewe, unga ukiisha haji, na mabinti ndo hatari zaidi maana wa boda yupo pale kila jioni na lifti na chipsi.

Na wala haya si mapya. Sehemu zilizopata shule za misheni mapema na hela ya kahawa, Kilimanjaro na Bukoba, zilitangulia tangu enzi za mkoloni, ndo maana serikali ya Mwalimu ikaja kuweka mgao wa nafasi za sekondari kwa mikoa ili na wa huku nao waingie. Walielewa mapema kwamba matokeo ya mtihani yana ndani yake mahali mtoto alipozaliwa. Sisi leo tunabishana kama ndo tumegundua juzi.

Kwa shule binafsi niseme moja tu. Zipo zinazochuja. Usaili wa kuingia, kisha wastani wa shule, asiyefika anaambiwa akarudie au mzazi atafute shule nyingine kabla ya kidato cha nne ili asije kuharibu jina. Mwaka juzi nilipokea wawili wa hivyo kidato cha tatu, watoto wazuri tu, mmoja alikuwa akiitwa ubaoni anatetemeka. Shule waliyotoka siitaji, ila ikiwa kwenye orodha ya kumi bora hao wawili hawapo kwenye hesabu yake, wapo kwenye ya kwangu.

Sasa hoja ya wenzetu. Wanasema ukificha orodha unamficha mzazi na unaibeba serikali. Hapo nakubaliana nao. Nani kasahau matokeo ya mtihani wa 2012, yalipotangazwa Februari 2013 karibu asilimia 60 wana ziro? Nchi ilitikisika, Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, madaraja yakapangwa upya. Ile aibu isingesikika kama namba zingekuwa kabatini. Na hata sasa NECTA wanaweka matokeo ya kila shule kwenye intaneti, watu wanakaa wanapanga kumi bora zao wanasambaza kwenye magrupu, kwahiyo kilichofutwa ni tangazo tu, mashindano yapo palepale.

Mimi ninachotaka ni orodha irudi lakini ipimwe kwa safari. Kila mtoto ana namba ya PREM tangu shule ya msingi inayomfuata mpaka sekondari. NECTA hao hao wana matokeo yake ya darasa la saba, wana ya kidato cha pili, wana ya kidato cha nne. Wachukue shule waseme watoto wenu waliingia na viwango hivi, wametoka na hivi, na wangapi walioanza kidato cha kwanza hawakufika chumba cha mtihani. Hapo mwenye kuchuja atajulikana na mwenye kuvusha atajulikana. Majina ya watoto hayahitajiki.

Kuna mwalimu mwenzangu nilimweleza hili akaniambia unataka kuwatetea walimu wavivu, kila mtu atasingizia umaskini wa wanafunzi wake. Nikamwambia hapana, kipimo hiki kitaanza na mimi. Ipo shule ya kata jirani yetu, watoto walewale, korosho zilezile, na hesabu wanatupita. Mwaka jana nilimeza kiburi nikaenda kuangalia. Wana uji saa nne kila siku, wazazi wamechangia mahindi, na mwalimu wao wa hesabu anafundisha mada yote kwa Kiswahili kwanza mpaka ieleweke, ndo anarudi kuifundisha kwa Kiingereza cha mtihani, maneno ameyabandika ukuta mzima. Kwa kigezo cha umaskini hatuna tofauti yoyote, kwahiyo pale nilipopitwa ni pangu mimi na mkuu wangu wa shule. Orodha ya zamani isingeniambia hilo, kwenye ile wote wawili tulikuwa chini kabisa hatuonekani.

Ntamalizia na mwanafunzi mmoja. Aliingia kwetu na C ya darasa la saba. Kidato cha tatu akapata ujauzito akatoka. Serikali iliporuhusu Novemba 2021 waliojifungua warudi darasani, akarudi, mtoto kamwachia bibi, asubuhi anatembea saa nzima kuja, mchana maziwa yanamvuja anaomba ruhusa anakaa nyuma ya darasa. Akapata divisheni foo, daraja la mwisho la kufaulu, ya pointi 27, C moja ya Kiswahili na D sita, moja ya hizo D ni ya hesabu, somo ambalo kila mwaka ndo linafelisha watu wengi nchi hii. Siku matokeo yanatoka nililia.

Wanaotaka kumi bora irudi kama ilivyokuwa naomba mnijibu hili, huyu binti kwenye orodha yenu mnamuhesabuje?