MJADALA: Usalama wa kota za serikali ugharamiwe na nani?

Mwanzisha mada (Mbeya mjini)
Wakuu, mimi ni mtumishi, nakaa kota. Kodi inakatwa kwenye mshahara na sina ugomvi nayo, ni ndogo kuliko ya mtaani. Ugomvi wangu ni grili. Wezi walipotuchosha tulichangishana, fundi akachomelea nondo madirisha yote, mlango wa uani tukautia kufuli mbili. Juni, baridi ile mnayoijua, soketi ya sebuleni ikaanza kutoa cheche kwenye plagi ya hita. Saa nane usiku. Mke wangu anapapasa funguo gizani, mimi nimeshika nondo nilizolipia mwenyewe. Tukawahi kuzima meni switchi, ikaishia hapo. Namba ya zimamoto, 114, nimeikariri baadaye.

Nasema hivi: bajeti ya usalama wa kota itengwe, ila isianze na uzio wala kamera. Ianze na nyaya. Zilitandazwa enzi za balbu na redio, leo zinabeba hita, pasi, friji. Halafu kila chumba cha kulala kiwe na grili moja inayofunguka kwa ndani bila funguo.

Mfanyabiashara, Mwanjelwa
Napinga. Mimi nimepanga kwa mtu, ulinzi shirikishi nachangia, taa ya nje nimefunga kwa hela yangu. Soko letu lilipoungua 2006 hasara niliibeba mwenyewe. Leo kodi yangu ikamtengenezee dirisha mtu anayekaa nyumba ya bei ya mtelemko? Wapandishiwe kodi kwanza, ndipo tuongee.

Mchangiaji wa Kihesa, Iringa
Kamwene. Ndugu yangu wa Mwanjelwa, nyumba ni ya nani? Mtumishi akihamishiwa Songea kesho, ang'oe nyaya apande nazo basi? Mwenye nyumba ni serikali, ukuta na kilichomo ukutani ni vyake. Na tusisahau kuwa nyumba nyingi za serikali ziliuzwa kwa watumishi kuanzia 2002. Hela ya matengenezo idaiwe kabla hatujasikia tena kwamba dawa ya nyumba chakavu ni kuiuza.

Mwalimu, Makete
Mnabishania nyaya, huku kwetu kota ya shule haina hata umeme wa kuiunguza. Kinachotutisha ni mkaa. Kipupwe kikiingia mtu anaziba matundu ya hewa kwa matambara, anaingiza jiko chumbani, analala. Ile gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na mkaa ukishakolea hautoi moshi, kwa hiyo hata hicho king'amuzi cha moshi cha mjini hakitamwamsha mtu. Sisi tunataka dohani na tundu la hewa lililojengwa juu, mtu asilifikie kwa tambara. Ni tofali na saruji tu.

Mwanzisha mada
Mwalimu, hapo umenishika. Kama fungu ni moja, dohani zenu zitangulie, sisi wa mjini tuna pa kukimbilia tukishapata funguo. Mkuu wa Mwanjelwa, kodi ikipanda elfu kumi silalamiki. Ila nataka nimwone fundi umeme mlangoni kwangu kabla makato mapya hayajaonekana kwenye salari slipu. Hilo unalipinga pia?