Tupeane uzoefu: mliopasuliwa baada ya kuvunjika kiuno na nyonga, mlianza lini kukaa tena?

Assalaam aleikum. Nawaomba mliovunjika sehemu ya chini ya uti wa mgongo au mifupa ya nyonga mweleze yaliyowapata, kwa sababu hapa Mombasa kila anionaye huuliza kama natembea, ilhali kwangu mimi shida kubwa ilikuwa kukaa.

Nilianguka kutoka jukwaa la ujenzi huko Nyali nikatua kwa makalio. Eksirei haikuonyesha mengi; skani ya CT ndiyo iliyobaini kwamba sakramu, ule mfupa wa pembetatu unaoshikanisha mgongo na nyonga, ulikuwa umepasuka pande zote mbili na tena kwa kukingama, hivyo mgongo wote ulikuwa umeachana na nyonga. Ami yangu, nahodha wa jahazi wa zamani, alipoelezwa alisema, "Mlingoti umechomoka mkukuni," yaani kwenye uti wa chini wa chombo, na sijapata maelezo bora kuliko hayo. Mishipa ya fahamu inayopita katika matundu ya mfupa huo ilikuwa imebanwa, sikuhisi mkojo wala makalio, nikatiwa mpira wa kutolea mkojo.

Nililala siku tisa tukichangishana fedha za kununulia vyuma vya kushikilia mifupa, nikigeuzwa na watu wanne kwa pamoja ili mgongo usijipinde. Jamaa walileta mkandaji kwa nia njema. Mama alimrudishia mlangoni, nami namshukuru hadi leo. Madaktari waliondoa vipande vya mfupa vilivyobana mishipa, wakatia skrubu katika pingili ya nne na ya tano za kiunoni na nyingine ndefu katika mbawa za nyonga, kisha wakaziunganisha kwa fito za chuma, ili uzito wa kiwiliwili ushukie nyongani bila kuutegemea mfupa uliovunjika. Siku ya tatu nilikalishwa kitandani. Mkojo ulirudi baada ya miezi minne, lakini ganzi kidogo imebaki.

Nisiloambiwa mapema ni kwamba vichwa vya skrubu za nyonga huwa karibu sana na ngozi. Kwa muda mrefu sikuweza kuegemea ukuta wa baraza, na tuktuk ikiruka tuta nilikuwa nikiuma meno.

Mchangiaji, Kisauni

Waaleikum salaam. Mume wangu aligongwa akiwa kwenye bodaboda, nyonga ikaachana kwa mbele kama mlango wa mbao mbili. Muuguzi aliyekuwa akipita aliomba leso, akamfunga kwa nguvu usawa wa vifundo vya juu vya mapaja, wala si kiunoni kama sisi wengine tulivyotaka kufanya. Baadaye tulielezwa kwamba nyonga iliyofunguka inaweza kumeza lita kadhaa za damu bila tone kuonekana nje. Usiku huo alitiwa vyuma vya nje vilivyochomoza kama kiunzi, na hali ilipotulia akawekewa bamba mbele na skrubu nyuma. Alikatazwa kukanyagia mguu wa kushoto kwa wiki kumi, akidungwa sindano za kuzuia damu isigande mishipani.

Kukaa alianza mapema, ila kwa upande mmoja. Kilichotushinda ni choo chetu cha kuchutama, mpaka fundi alipotutobolea kiti cha plastiki.

Mchangiaji, Likoni

Baba yangu ni mkwezi, aliteleza mnazini. Yeye hakupasuliwa, kwani nyufa zake zilikuwa ndogo na duara la nyonga lilikuwa bado imara. Alipewa dawa za maumivu na magongo. Nalitaja hili kwa kuwa majirani walitulaumu kwamba tumebania pesa. Ndugu mwenye mada, je, vyuma vyako vilitolewa?

Mwenye mada

Vilitolewa mwaka uliofuata, baada ya skani kuthibitisha kwamba mfupa umeshikana. Wapo wanaoishi navyo bila tabu, na daktari hakunihimiza. Ni mimi niliyeomba kwa sababu ya maumivu. Sasa nakaa barazani tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, ila mto nimeubakisha.