Jubilei ya wazazi, tunataka chakula kama cha mwaka 75, nipike nini?

binti_ngamiani
Habarini wapendwa. Wazazi wangu walioana Tanga mwaka 1975, sasa tunawaandalia chakula cha mchana cha kutimiza miaka 50, wageni kama 40 hivi, na tumekubaliana kila kitu kiwe cha enzi zile, wanaume waje na bugaluu (suruali pana chini) na raizoni (viatu vya soli nene), muziki ni wa bendi za Tanga, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, mpaka hapo safi. Shida iko kwenye chakula. Niliandika chipsi, kuku wa kukaanga, soseji na juisi za boksi, shangazi akasoma ile karatasi akaniuliza "hivi mwanangu, hiyo soseji nani aliila Ngamiani?" nikakosa jibu. Mliokuwepo nisaidieni jamani, sitaki mama afike pale akute vitu asivyovijua.

bi_mkubwa
Hongereni sana mwanangu. Mimi niliolewa 76 hukohuko Tanga kwahiyo nasema nilichokiona. Shughuli ilikuwa pilau, ya ng'ombe au mbuzi, na kachumbari na ndizi mbivu, basi. Kuku alikuwa wa kienyeji na hakuchinjwa hovyo. Watu wanakaa jamvini wanne wanne kwenye sinia, kijana anapita na birika na beseni mnanawa. Usinunue masala ya pakiti, twanga mwenyewe kwenye kinu, binzari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga, na kitunguu kikaange mpaka kiive rangi ya kahawia kabisa maana rangi ya pilau inatoka hapo, haitoki kwenye masala. Maji yakikauka palia makaa juu ya kifuniko. Watu 40 mchele kilo 6 na nyama kilo 6 zinatosha.

mzee_wa_foleni
Bi mkubwa kamaliza ila msisahau mwaka wenyewe ulikuwaje. 74 kuja 75 ukame ulitupiga, serikali ikaagiza nafaka nje, tukala ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya Marekani, jina lilitoka kwenye rangi ya jezi ya timu ya Yanga. Kama mnataka 75 ya kweli basi wekeni ugali wa njano hata kidogo, na kisamvu cha nazi pembeni.

mama_samaki
Kaka hapo mi sikubaliani na wewe, yanga ilikuwa chakula cha dhiki na hii ni siku ya furaha, kuna wazee ukiwawekea wanakumbuka mbali. Dada muulize mama kwanza. Mimi ningeongeza wali wa nazi na changu wa kupaka, Tanga bila samaki itakuwaje? Nazi zikunwe kwa mbuzi, zichujwe kwa kifumbu, tui la kwanza lile zito liweke pembeni, mchele upike na tui jepesi halafu lile zito mimina mwishoni. Tui la kopo achana nalo, halina ule utamu. Kunywa iwe juisi ya ukwaju na soda za chupa za kioo, machungwa ya Muheza yamenywe yakatwe juu watu wafyonze, wamalizie na kahawa chungu na kashata.

binti_ngamiani
Asanteni mno, Mungu awabariki. Jana nilimchokonoa mama juujuu kuhusu yanga, akacheka kwanza halafu akatulia, akasema pilau ya harusi ilipoisha wiki hiyohiyo walirudi kwenye yanga na dagaa, na siku alipoumwa malaria baba ndo aliusonga, ukawa na mabonge, akala wote. Kwahiyo wageni watakula pilau na wali wa nazi, yanga itakuwa sahani moja ya bati kwa ajili yao wawili tu. Kinu nimeazima kwa jirani. Kupalia makaa kashika shangazi, kasema hataki mtu asogee.