Tupeane uzoefu: nani amegeuza pawa saplai ya kompyuta mbovu kuwa umeme wa mezani wa kujaribia saketi?

Wakuu, habari za Jumapili. Nipo Nyakato, Mwanza. Wengi wetu tunaochezea saketi nyumbani tulianza na betri za tochi, na mnajua adha yake: jaribio linakwama katikati, hujui kosa ni la saketi au betri imeisha. Mimi nilikaa hivyo mwaka mzima, hadi nilipochomoa pawa saplai (lile boksi linalogawa umeme ndani) kwenye kompyuta ya mezani iliyokufa madabodi, yaani ubao wake mkuu.

Siku ya kwanza nilidhani nayo ni mbovu, maana nilichomeka ukutani na feni haikuzunguka. Kumbe lazima waya wa kijani uguse mweusi ndipo iamke. Siku hizi nimeweka swichi kati yao. Njano ni volti 12, nyekundu 5, chungwa 3.3, nyeusi zote ni hasi. Zambarau inatoa 5 muda wote hata saplai ikiwa imelala. Pimeni kwa mita kwanza, kwani kuna viwanda vilivyopanga rangi kivyao.

Karibuni na ya kwenu, hasa yaliyowaunguza.

Mdau wa Igoma: Yangu ni ya zamani, ilikuwa inawaka na kuzima. Aina hizo zinataka mzigo kidogo, yaani kitu cha kula umeme, kwenye volti 5 ndipo zitulie. Nilifunga rizista ya ohmu 10, wati 10, kati ya nyekundu na nyeusi, nikaibana kwenye bati karibu na feni, kwani inapata joto. Tangu hapo haijazima.

Mdau wa Nyegezi: Mimi ni mwanafunzi, na langu ni onyo. Nilikuwa napima mota ndogo kwa waya mwembamba, ule wa kengele. Ncha zikagusana. Nilitegemea saplai ijizime yenyewe kwa shoti hiyo kama wanavyosema, haikujizima. Waya uliiva mwekundu kama sigara, plastiki ikadondokea mezani, nikachomoa plagi kwa mkono unaotetemeka. Baadaye nikasoma kibandiko: ampia 22 kwenye volti 5. Waya ule una ukinzani wake, hivyo saplai iliuona ni mzigo wa kawaida tu, haikuona shoti. Tafadhali wekeni fyuzi kila tundu la kutolea umeme. Mimi nimeweka za gari, ampia 3, zinapatikana maduka ya spea.

Mdau wa Kirumba: Pole sana dada. Mimi natengeneza taa za LED za wavuvi wa dagaa. Giza la mwezi likiingia zinaletwa asubuhi zimeingia maji, na jioni zinatakiwa ziwani. Nilikuwa nazipima kwa betri ya mteja mwenyewe; betri ikishuka, taa nzima inaonekana mbovu. Sasa natumia waya wa njano, mita ya ampia katikati. Taa ya wati 12 inakula kama ampia moja. Ikivuta mbili, naifungua bila kujiuliza, mara nyingi nakuta kutu ya kijani kwenye lehemu. Wakuu, naweza pia kuchaji betri zao nayo?

Mdau wa Nyakato: Hapana mkuu. Betri ya risasi ya volti 12 inataka kama 14.4 ndipo ijae, hii haifiki. Tafuta chaja yake.

Mdau wa Ilemela: Vijana, nimefanya ufundi redio tangu enzi za transista. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukishanyooshwa (kutoka AC kuwa DC), zile kapasita kubwa ndani, zinazohifadhi chaji, zinabeba karibu volti 325, na zinabaki nazo hata plagi ikiwa mkononi mwako. Ichomoe, iache muda mrefu, kisha pima kwenye miguu ya kapasita kabla kidole hakijaingia.

Mdau wa Nyakato: Shikamoo mzee, nashukuru sana. Nataka kutoboa kava nifunge terminali na hizo fyuzi. Nitoboe wapi?

Mdau wa Ilemela: Marahaba. Upande ulio mbali na zile kapasita, wala usizibe njia ya hewa ya feni. Ila toa ubao wote nje kwanza. Chembe za bati zikidondoka chini yake, utakuja kuzikumbuka siku utakayowasha.