Mjadala: Je, serikali ina haki ya kuzima intaneti ili kulinda usalama?

Mleta mada, Kampemba, Lubumbashi

Ndugu zangu, mimi naandika programu za maduka na depo za dawa hapa mjini. Jibu langu ni hapana. Hapa Kongo (DRC) tulipiga kura tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake intaneti ikazimwa nchi nzima, na SMS pia. Ilirudi karibu na tarehe 20 Januari 2019, Mahakama ya Katiba ilipothibitisha mshindi. Tuliambiwa ni kuzuia matokeo ya uongo. Mama wa kabini, kile kibanda cha kutuma pesa kwa simu, pale mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, alihusika vipi na matokeo ya uongo?

Tena tusichanganye mambo mawili. Vita vilipofika Goma, mashariki mwa nchi, mwanzoni mwa 2025, mtandao wa X (zamani Twitter) haukufunguka kwa wengi. Huko ni kufunga mlango mmoja, na mwenye VPN, programu inayozungusha mawasiliano kupitia seva ya mahali pengine, anapenya. Ile ya 2018 iling'oa njia yenyewe, na VPN haina pa kupita. Google Play, duka la programu za simu, nayo ilikwama mwaka huo wa 2025, na simu isiyoifikia haipati marekebisho ya kuziba matundu ya wezi. Hapo ni usalama wa nani unaolindwa?

Mwalimu, Katuba

Mwanangu, unaongea vizuri, lakini unaangalia mashine kuliko watu. Mimi nimesikia sauti moja ya WhatsApp, haijulikani imetoka wapi, na jioni ile ile watu wakaanza kuulizana jirani yao ni kabila gani. Siku tatu bila intaneti tutazivumilia. Aliyeuawa harudi.

Mleta mada

Mwalimu, hofu yako naishika kwa mikono miwili. Ila zile hazikuwa siku tatu, zilikaribia wiki tatu. Na wewe unakumbuka 1992 na 1993 kuliko mimi: Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa katika jimbo letu la Katanga, familia zikalala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni, intaneti haikuwepo. Chuki ilitoka kwenye mikutano ya hadhara, katika vinywa vya wakubwa waliojulikana kwa majina. Leo ukizima, mchochezi bado ana kipaza sauti chake, lakini kijana aliye tayari kuandika "si kweli, mimi niko hapa, hakuna kilichotokea" umemnyamazisha.

Mwanafunzi wa informatiki, UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Kaka mkubwa, na sisi tujiulize. Git, chombo cha waandika programu cha kutunza matoleo ya kazi yao, ipo tangu 2005, kila nakala inabeba historia yote, unafanya kazi wiki nzima bila mtandao. Kwa nini programu za mauzo tunazowauzia watu zinakufa mara tu laini inapokatika? SNEL, shirika letu la umeme, inakata umeme kila siku, tungekuwa tumeshajifunza.

Mleta mada

Mdogo wangu, hapo nakubali: data ihifadhiwe kwanza kwenye simu, itumwe baadaye. Lakini depo mbili zikiuza kutoka stoo moja bila kuonana, wote wawili watauza boksi la mwisho la dawa ya malaria, na mgonjwa mmoja atalipa bure. Malipo ndiyo magumu zaidi. Kutuma pesa kwa kubonyeza nyota na namba hakuhitaji mega (bando la intaneti), kunapita kwenye njia ya simu yenyewe. Seva ya duka, hata hivyo, inangoja uthibitisho kupitia intaneti. Ukikosekana, muuzaji anasoma SMS. Na 2018 SMS zilizimwa.

Mama mfanyabiashara, Goma

Huku benki zilifunga, uwanja wa ndege ukafungwa. Simu ndiyo iliyobaki. Baba mwalimu, na hiyo wakiizima, mtoto wako aliye huku utamtumia franga kwa njia gani?

Mwalimu, Katuba

Mama, pole sana. Bado nasema serikali isiachwe bila breki kabisa. Lakini amri iwe ya maandishi, ieleze inaanza saa ngapi na inaisha lini, na jaji aitie sahihi.

Mleta mada

Kwa kuzima nchi nzima, hata jaji nisingempa kalamu hiyo. Katiba ya 2006, kifungu cha 24, inampa kila mtu haki ya kupata habari. Kwa akaunti moja inayoita watu kuua, jaji asaini leo hii, na mwenye akaunti akamatwe. Wanasheria mlio hapa, ile sheria ya mawasiliano ya 2020 na Kanuni ya Kidijiti (Code du numérique) ya 2023 zinamlazimu nani kuchapisha amri kama hiyo mwananchi aione? Tuwekeeni vifungu, tuvisome wote.