Kichupa cha bendi ndogo: tufuate njia ya OK Go, White Stripes au Coldplay?

mpiga_besi
Wakuu habari za leo. Bendi yetu tuko wanne, wimbo umeshatoka studio, una dakika 4, hela ya kumlipa dairekta hatuna, tuna simu mbili na stendi moja. Nimeangalia vichupa vya bendi za nje vilivyobebwa na wazo moja tu, vitatu vimenikaa kichwani. Here It Goes Again ya OK Go (2006), wale jamaa wanne wanaocheza juu ya tredimili 8 (mashine za kukimbilia za gym), teki moja, yaani kamera haizimwi mwanzo mwisho. Fell in Love with a Girl ya White Stripes (2002), dairekta Michel Gondry kaijenga bendi nzima kwa Lego, vile vitofali vya plastiki vya watoto. Na Yellow ya Coldplay (2000), mwimbaji wao Chris Martin peke yake anatembea ufukweni. Tufuate mfumo upi? Sisemi tuige picha zenyewe, naongelea mfumo.

shuti_mchana
OK Go, wala usijiulize. Angalia kamera inafanya nini pale: haifanyi kitu, imekaa palepale, hakuna kukata. Mashine zimepangwa safu mbili za nnenne, moja inaenda huku jirani yake inaenda kule, basi miguu ya watu ndo editi yenyewe. Hatua aliwapangia Trish Sie, dada yake mwimbaji wao, na walirudia mara 17 ndo ikakubali. Gharama yote iko kwenye mazoezi, na nyie muda mnao.

dada_editi
Kaka kuhusu kamera niko na wewe, ila teki moja haina pa kujificha. Mmoja akiteleza dakika ya tatu mnaanza upya wote, na bendi isiyozoea kucheza utawaona tu sura zimekaza wanahesabu hatua, mtazamaji analiona hilo kabla hata hajasikia kiitikio.
Ya Lego tamu sana lakini piga hesabu kwanza: picha 12 kwa sekunde, dakika 4 ni picha 2,880, na kila picha kuna mtu kasogeza kitu kwa mkono. Wimbo wa White Stripes hata dakika 2 haufiki. Mkiitaka hiyo ladha fanyeni kiitikio tu, vizibo vya soda vinatosha, simu ifungwe isitikisike na mtumie taa, msitegemee mwanga wa dirishani maana jua likisogea kila picha inatoka na rangi yake.

kijana_wa_nairobi
Mimi niko kwa Yellow. Watu huona ni jamaa anatembea tu, lakini ile ilishutiwa frem (picha) 50 kwa sekunde huku wimbo unachezwa kwa kasi mara mbili, yeye anaimba mbiombio, halafu ikachezwa kwa 25, ndio maana midomo inalingana na wimbo lakini koti na mawimbi yanaenda taratibu kama ndoto. Ilikuwa Studland kule Dorset, Uingereza, na hali ya hewa mbaya. Wenzake hawakuwepo kwa sababu siku hiyo ilikuwa mazishi ya mama yake Will Champion, mpiga drums. Wakabaki na mtu mmoja na ufuo, na bado huwezi kutoa macho.

mpiga_besi
Kwa hiyo wimbo wa dakika 4 nashuti kwa dakika 2? Simu yangu ina 60 na 30.

kijana_wa_nairobi
Ee, 60 ukiicheza kwa 30 hesabu ni ileile. Simu ya pili icheze wimbo kwa kasi mara mbili kwenye spika kubwa, upepo wa baharini unameza sauti. Funga fokasi na mwanga kabla hujabonyeza. Na mwimbaji azoee hiyo kasi nyumbani, hasa ubeti wenye maneno mengi, midomo ikichelewa kidogo tu inaonekana. Ndani kwenye taa za umeme usijaribu 60, umeme wetu ni hezi 50, taa zitapepesa kwenye video.

shuti_mchana
Hapo nimeelewa kitu. Kama teki ni dakika 2 tu basi teki moja inawezekana kabisa, mnaweza kurudia mara kadhaa kabla jua halijapanda. Chukueni mwendo wa Yellow na nidhamu ya OK Go: mwimbaji anatembea mbele, wale watatu wanaingia mmoja mmoja kutoka pembeni, kila mtu na mstari wake wa kuingilia.

dada_editi
Hii ndo nzuri kuliko zote tatu. Tena pwani yetu jua linatokea baharini, saa 12 asubuhi mnapata rangi ya bure. Ila angalieni mwezi kwanza, siku za bamvua (mwezi mpevu au mwandamo, maji yanajaa na kupwa sana) maji yanapwa mpaka saa 4 au 5, alfajiri yatakuwa bado juu na mchanga wa kutembelea ni mwembamba. Nendeni siku za maji mafu (mwezi ukiwa nusu, maji hayajai wala kupwa sana), na mpige mstari mchangani wa kumwongoza anayeshika simu, maana yeye anatembea kinyumenyume.

mpiga_besi
Mpiga drums wetu ni mrefu kuliko wote, nitamwingiza wa mwisho. Nani ana programu nzuri ya simu ya kuongeza kasi ya wimbo bila kubadilisha sauti?